Gari Lisilo na Klachi na Kiwanja cha Mama

Naanza kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu ni mbaya, na mahali pengine nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu naishika tu ninapomwandikia mama barua zake. Nyumbani tunasema Kimbulu, kwa hiyo Kiswahili nakiandika polepole, neno moja, natazama nje, halafu neno jingine. Ukikuta nimekosea herufi, soma kwa sauti, utanielewa. Kwa mdomo ningekuwa mbaya zaidi, maana mbele ya watu sauti yangu huishia kooni. Nataka kueleza habari ya kaka yangu na gari lake, na siku tano ambazo nusura alipoteze.

Kaka alifanya kazi miaka kumi na moja katika mashamba ya ngano ya serikali, kule uwandani Hanang. Alianza kwa kufagia karakana, akaishia kuendesha kombaini, ile mashine kubwa inayokata ngano na kuipura papo hapo. Nilimtembelea mara moja nikiwa darasa la tano. Nilikuwa sijawahi kuona ardhi isiyo na mlima. Kwetu Tlawi ukiangusha kiazi mlangoni utakiokota kwa jirani wa chini. Kule ngano ilikwenda mpaka macho yakachoka kuifuata, na kaka alikuwa juu ya mashine yake, mdogo kama shomoro juu ya paa la kanisa, akinipungia kofia.

Msimu mmoja mashine ilimchukua mguu wa kushoto, chini ya goti. Hilo sitaliandika sana kwa sababu mwenyewe halisemi sana. Alirudi nyumbani na magongo mawili, akakaa karibu na moto mwaka mzima akichonga mipini ya majembe. Alichonga mpaka kila nyumba ikawa na mipini ya akiba. Watu walimshukuru, lakini mama aliniambia jikoni, "Mtu anayechonga hivi anajificha."

Halafu alikuja fundi mgeni wa karakana ile, aliyetoka nchi ya mbali kufundisha mashine na sasa alikuwa anarudi kwao. Alipanda na pikapu yake mpaka mlangoni kwetu. Lilikuwa gari refu la kijani, usukani upo upande wa kushoto, mkono wa gia umetoka kwenye usukani kama sikio, na mahali pa klachi hapana kitu. Pedali zilikuwa mbili tu, breki na mafuta, na zote ni kazi ya mguu wa kulia. Alimkabidhi kaka ufunguo na hati, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Wewe mguu moja. Gari hii nataka mguu moja tu. Ile nyingine iko likizo."

Kaka alicheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Gari la namna hii hubadilisha gia lenyewe. Ndani ya giaboksi kuna mafuta mekundu, membamba kuliko ya injini, na nguvu ya mafuta hayo ndiyo inayosukuma gia kuingia na kutoka. Mafuta yakikosa nguvu, gia haina wa kuisukuma. Kaka alinieleza hivyo siku ya kwanza, nikaelewa mara moja, kwa sababu yeye hueleza kitu bila kukufanya ujione mjinga.

Basi kaka akafufuka. Mara mbili kwa wiki alipakia viazi, maharage na akina mama wa Tlawi, akashuka nao mpaka Hirbadaw na Katesh mnadani, akarudi na chumvi, pumba na habari. Na kila siku ya safari, alfajiri, kabla hajagusa ufunguo, alifungua boneti akapima mafuta. Injini kwanza, kisha giaboksi. Kila moja ina kijiti chake cha chuma. Hukichomoa, hukifuta kwa kitambaa cheupe alichokifua mwenyewe, hukirudisha, hukichomoa tena na kukisoma. Ilikuwa sheria ya shambani. Dereva aliyewasha mashine kabla ya kupima alirudishwa kufagia karakana. Kaka hakurudishwa hata siku moja katika miaka kumi na moja, na sheria hiyo aliibeba mpaka nyumbani. Nilipenda kumtazama akifanya kazi ile. Hata mchungaji wa mbuzi aliyepita njiani alisimama kutazama.

Ugonjwa wa gari ulianza baada ya mvua za mwaka juzi. Mwanzoni ukiweka gia ya kwenda mbele, gari lilifikiri kidogo ndipo likaondoka, kama mzee aliyeitwa akiwa anakula. Halafu likaanza kuteleza mlimani. Injini inanguruma, gari halivuti. Gia ya pili inaingia, inatoka, inaingia kwa kishindo, na viazi vinaruka nyuma. Ajabu ni kwamba uwandani Hanang lilikwenda vizuri tu. Likifika kwetu kwenye miinuko linakuwa mgonjwa.

Watu hawakosi maneno. Jirani wa chini alisema gari limetoka nchi tambarare, linaogopa kuanguka. Mama mmoja abiria alisema, "Dereva mwanangu, siku nyingine tuambie mapema, tupande mlima kwa miguu na gari litufuate taratibu." Kaka alicheka nao, lakini jioni alikuwa anakaa ndani ya gari peke yake, mkono juu ya usukani, haendi popote.

Jumatano moja baba mdogo alikuja. Tangu baba yetu afariki, yeye ndiye mwenye neno la mwisho katika mambo ya ukoo. Si mtu mbaya. Mwaka ule kaka alipolala hospitali, baba mdogo ndiye aliyelala sakafuni pembeni yake.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Hilo gari lenu limeamka, au bado linasali?"

"Linapumzika," kaka alisema.

"Gari bila klachi ni kama suruali bila mkanda. Utatembea, ndiyo, lakini mkono mmoja umeshika kiuno." Alikaa, akapewa maziwa, akanywa nusu. "Sikiliza. Nimeongea na fundi wa Katesh. Anayo giaboksi ya klachi, nzima. Jumatatu anakuja nayo. Atatoa hii, ataweka ile, gari litapanda mlima kama magari ya wenzetu."

Mama ndiye aliyeuliza, "Na klachi itakanyagwa na nani?"

"Mwanangu mkubwa ataendesha. Huyu atakaa pembeni, ataongoza biashara."

Nilimtazama kaka. Alikuwa ameshika gongo lake kwa mikono miwili. Kukaa pembeni alikujua, alikuwa amekaa pembeni mwaka mzima karibu na moto.

"Baba mdogo," alisema, "nipe mpaka hiyo Jumatatu. Nikishindwa, sitasema neno."

"Leo Jumatano."

"Nimesikia."

"Haya. Lakini usije ukaniambia Jumatatu kwamba Jumanne ndiyo siku nzuri."

Alhamisi asubuhi tulianza. Nasema tulianza kwa sababu chini ya gari alihitajika mtu mwembamba. Jeki yetu ni fupi, na kiwanja chetu kimeinama, kwa hiyo tuliziba magurudumu yote kwa mawe makubwa na kuweka magogo chini ya fremu. Kaka hakuniruhusu kuingia mpaka alipolisukuma gari kwa bega mara tatu na kuona halitikisiki. Kisha akakaa kwenye kigoda pembeni, gongo lake likigusa kiatu changu. Akigonga mara moja, nisimame. Akigonga mara mbili, niendelee. Sikuhitaji kusema lolote, na kazi ya namna hiyo naipenda.

Chini ya giaboksi kuna bakuli la bati lililofungwa kwa bolti nyingi. Nilizilegeza upande mmoja kwanza, kama alivyoniambia, ili mafuta yamwagike polepole kwenye karai na yasinijie usoni. Bado yalinijia kidogo. Kaka aliomba karai, akachovya vidole, akanusa, akafumba macho.

"Yakinuka kama ugali ulioungua, tumekwisha," alisema. "Nusa wewe."

Yalinuka mafuta tu. Yalikuwa yamekuwa hudhurungi, lakini wekundu bado ulionekana ukiyaweka kwenye mwanga. Halafu akachunguza tope lililotulia chini ya bakuli. Lilikuwa laini la kijivu, kama uji mwepesi. Alilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada kwa muda mrefu sana, akitafuta chembe za chuma. Hazikuwapo.

"Huyu hajafa ndani," alisema. "Anaumwa tu."

Alivyosema "huyu" nilifurahi. Fundi mwingine angesema "hili chuma".

Tuliosha bakuli na chujio kwa mafuta ya taa. Gasketi, ule ukanda wa kuzuia mafuta yasipite kati ya bakuli na giaboksi, ulikuwa umekauka na kupasuka pembeni. Hapo ndipo mafuta yalipokuwa yanatoka, tone kwa tone, na kwa sababu kiwanja kimeinama, matone yalikwenda kufanya doa mbali na gari, karibu na banda la kuku. Mama alikuwa ameliona doa lile miezi mingi akidhani kuku wanaumwa.

Gasketi mpya hatukuwa nayo. Kaka alilaza jalada gumu la rejista ya zamani juu ya bakuli, akaanza kuligonga pembeni kwa nyundo ndogo, taratibu, tik tik tik, mpaka ukingo wa bati wenyewe ukalikata jalada. Matundu ya bolti aliyatoa hivyo hivyo. Alifanya kazi ile mchana mzima, na lilipotoka lilikuwa sawasawa kama lililonunuliwa dukani. Akalilowesha mafuta usiku kucha. Mikono yake ni mikubwa na imepasuka, na sijaona mikono ya mwanamke yeyote ikishona kwa utulivu ule.

Ijumaa tulirudisha kila kitu. Fundi mgeni alikuwa ameacha madebe mawili ya mafuta mekundu. Kaka alimimina, akapima kwa kijiti kama siku zote, injini ikiwa imezimwa, akamimina tena, akapima, mpaka mafuta yakafika kwenye alama ya juu. Alifuta kijiti kwa kitambaa cheupe. Aliingia ndani, akawasha, akaweka gia ya mbele.

Gari halikusogea.

Aliongeza moto. Injini ilinguruma, kuku wakakimbia, gari likajivuta hatua tatu na kusimama. Lilikuwa baya kuliko Jumatano. Alijaribu mara nyingine, akazima. Hakutukana, wala hakupiga usukani. Alishuka, akachukua magongo yake, akaenda kukaa karibu na moto. Baada ya kitambo nikasikia kisu. Alikuwa anachonga mpini.

Sasa niseme jambo ambalo linaniaibisha. Ndani ya gari kuna kitabu alichokiacha fundi mgeni. Ni cha Kiingereza, hakuna wa kukisoma nyumbani, lakini kina picha, na mimi mchana nikichoka na kazi huingia kwenye gari kuzitazama. Kuna picha moja ya mtu anayechomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi. Gari limechorwa juu ya mstari ulionyooka kabisa. Na feni ya mbele ya injini haikuchorwa mapanga yake manne kama kwenye picha nyingine. Imechorwa duara lenye mistari ya kupinda, vile mtoto anavyochora gurudumu linalozunguka. Yaani injini inawaka, na mtu anapima.

Niliiona picha hiyo tangu wakati wa mvua. Nikajiambia mchoraji amepamba tu. Kaka amefanya kazi na mashine miaka kumi na moja, mimi nimefanya kazi na jembe. Nani angenisikiliza? Na ningeanzaje? Nikanyamaza miezi yote hiyo.

Usiku ule wa Ijumaa sikupata usingizi kwa sababu ya sauti ya kisu. Jumamosi palipokucha nilimpelekea kaka uji. Nilikuwa nimebeba kitabu kwapani. Nilikiweka wazi juu ya goti lake, nikaweka kidole juu ya picha.

"Nini?" aliuliza.

"Feni."

"Feni imefanyaje?"

"Inazunguka."

Aliinama. Uji ulipoa mkononi mwake. Aliitazama picha, akanitazama, akarudi kwenye picha. Kisha akafuata ule mstari ulionyooka kwa kidole, kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele.

"Umeiona lini?"

Nilitaka kudanganya, nikashindwa. "Wakati wa mvua."

Nilingoja anigombeze, nilistahili. Lakini kaka alianza kucheka. Alicheka mpaka gongo likaanguka na mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mama, njoo umwone mwanao mjinga," alisema. "Injini ikizimwa, mafuta yote ya ndani yanashuka kwenye bakuli. Kijiti kinaniambia tumeshiba. Injini ikiwaka, mafuta yanapanda kujaza giaboksi, bakuli linabaki karibu tupu, na mlimani hayo machache yanaikimbia pampu, nayo inameza hewa. Tena kila siku naliegesha pua ikitazama chini, mafuta yanakimbilia kwenye kijiti. Mwaka mzima, mama! Alfajiri ile ile, kitambaa cheupe, naliangalia likifa njaa na ninaliandikia kwamba limekula."

Kwetu magari yote huegeshwa hivyo, pua chini, ili betri ikigoma lisukumwe. Gari la kaka halisukumwi likawaka, halina klachi, lakini mtu huiga wenzake bila kufikiri. Na ile sheria ya shambani ilikuwa nzuri kwa trekta na kombaini. Kwa gari hili ilikuwa ndiyo ugonjwa.

"Na wewe," akaniambia, "siku nyingine ukiona kitu, nipige hata na jiwe."

Tangu siku hiyo hajanikumbusha miezi ile niliyonyamaza.

Sasa ilibaki kupata mahali palipo sawa kama ule mstari wa kitabuni. Tlawi yote imeinama. Uwanja wa shule umeinama; mpira ukitoka upande wa chini mchezo unasimama mpaka urudi. Mahali pamoja tu kwetu pamelala sawasawa, kiwanja cha mama cha kupuria, pale chini ya nyumba. Mama alikichimba mwenyewe kwenye mteremko akiwa bibi harusi, akakikanyaga kwa miguu, na kila mwaka hukipaka samadi na majivu mpaka king'ae. Hapo tunapuria maharage na ngano yetu kidogo. Hakuna anayekikanyaga na viatu. Katekista alipokuja kubariki mavuno, mama alimngoja avue viatu kwanza.

Kaka hakuweza kuomba. Alikitazama tu kiwanja, kisha akamtazama mama. Maharage yalikuwa tayari yameng'olewa shambani, yanasubiri kupurwa.

Mama alifuta mwiko kwa kanga. "Litatema mate?"

"Huenda kidogo."

"Tandikeni magunia. Nitapaka upya. Ng'ombe hawajagoma kutoa samadi."

"Mama, tulivue na matairi?"

"Wewe, usinichekeshe mapema. Literemsheni."

Tuliliteremsha likiwa limezimwa, kaka kwenye breki, mimi nikifuata pembeni na jiwe la kuziba mbele ya gurudumu na majirani wawili wakishikilia kamba. Lilipoingia kiwanjani nilileta sufuria pana ya maji na kuiweka chini mbele ya gari ili tuone kama kweli ni sawa.

Mama alisimama mikono kiunoni. "Miaka thelathini na zaidi nimeinama hapa. Mnaleta maji kunipima mimi?"

Maji yalisimama sawa pande zote za sufuria. Hata unene wa ukucha haukupungua upande wowote. Jirani alisema taratibu, "Mama huyu angejenga barabara." Mama alijifanya hajasikia, lakini alibaki akiitazama sufuria kwa muda.

Kaka akawasha. Tukaacha injini ipate moto mpaka maji ya chai jikoni yakachemka. Mguu ukiwa kwenye breki, aliupitisha mkono wa gia kwenye kila herufi ya gia iliyoandikwa pale kwenye usukani, taratibu, kisha akaurudisha mahali pa kusimama. "Pima," aliniambia.

Niliogopa feni, ilikuwa inapuliza kitambaa cha kichwa changu. Nilichomoa kijiti, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Kilikuwa kikavu. Nchani tu palikuwa na alama nyekundu ndogo kama ya kalamu ya mwalimu. Nilimwonyesha kaka kupitia kioo. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesalimiana na kosa lake.

Tulimimina kikombe kimoja kimoja kwa faneli. Kikombe, tunangoja, napima. Kikombe, tunangoja, napima. Majirani waliokuja kusaidia kamba hawakuondoka. Walihesabu kwa sauti kama wanaohesabu magoli. Yalipofika kati ya alama mbili, kaka aliinua mkono, tukaacha.

Aliweka gia ya mbele. Mara ile ile gari lilitikisika na kutaka kuondoka, kama ng'ombe aliyefunguliwa zizi. Aliliachia breki kidogo tu, likasogea lenyewe, bila kelele, juu ya magunia.

"Linapumua," mama alisema.

Kaka aliinamisha uso juu ya usukani. Sisi tulijishughulisha na kukunja kamba.

Jumapili baada ya ibada alimwomba baba mdogo apande mbele. Mama na mimi tulikaa nyuma na magunia sita ya viazi ambayo baba mdogo mwenyewe aliyachagua, mazito. Tulikwenda mpaka kijiji cha Daudi na kurudi. Ule mlima mbaya tulioshindwa mwezi mzima tuliupanda bila kukimbia. Nilikuwa nimeshika bodi nikisikiliza. Gia ya kwanza, ya pili, kila moja iliingia kama mtu anayefunga mlango mtoto akiwa amelala. Juu kabisa kaka alisimama, akazima, akasema kabla hajaulizwa:

"Baba mdogo, gari halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Mwaka mzima nimelipima vibaya. Aliyeona ni huyu mdogo wangu, na mahali pa kupimia ametupa mama."

Angeweza kusema amelitengeneza, na ingekuwa kweli. Watu walikuwa wamekwishaanza kutukusanyikia, abiria wake wa kila wiki, na yeye alisema hivyo mbele yao wote. Mtu aliyejivunia sheria moja miaka kumi na moja akaivua hadharani kama kofia. Nimeona watu wakipewa zawadi na vyeti, lakini sijaona heshima kubwa kuliko ile.

Baba mdogo alitazama chini palipo pedali mbili, halafu akautazama mguu wa kulia wa kaka, uliotulia kwenye breki.

"Kesho fundi wa Katesh anakuja," alisema.

"Ndiyo."

"Atakunywa chai. Kisha utampeleka yeye na giaboksi yake mpaka kwake. Kwa gari hili." Akafikiri. "Na mimi nitakwenda, nataka kuuona uso wake mlimani."

Ndivyo ilivyokuwa. Fundi yule alikuwa muungwana, alisikiliza gia zikiingia njia nzima, na alipofika aliomba kuona kile kitabu. Mama alipaka kiwanja upya Jumanne, tukapura maharage Ijumaa. Siku hizi kila Jumamosi gari hurudi pale, juu ya magunia, injini ikiwaka, na mimi ndiye ninayesoma kijiti. Kaka hunipa kile kitambaa cheupe.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Asubuhi za baridi gia ya tatu bado inaingia kwa kugonga, mara mbili au tatu, halafu gari likipata moto inakuwa laini. Mafuta yako sawa, nimepima. Na debe la mafuta mekundu limebaki nusu. Nawaomba ninyi mnaosoma, kama kuna mwenye gari la namna hii, au aliyepata kulitengeneza popote alipo, aniandikie: kugonga huko ni dalili ya nini, na ninyi mafuta yakiwaishia huweka yapi? Mhariri wa gazeti hili anajua barua zangu zinapopokelewa. Msione haya kwa mwandiko, wangu nimewaeleza. Nitamsomea kaka kila barua kwa sauti, na nitajibu zote, ingawa polepole.